Ya Leo Asubuhi

Mama, hii si ya padri.
Nilimwambia kabla hajauliza,
maana divai anayoijua Perpetua Nandonde
ni ile ya kikombe cha altareni, nyekundu, tamu kama sharubati:
funda moja, halafu unarudi kukaa.

Hii ni nyeupe. Nyeupe ya kusema tu;
rangi yake ni ya bua la muhindi lililokauka shambani.
Nimeitoa Mtwara ikiwa imeviringishwa kanga na barafu.
Barafu iliisha Nanyamba. Kanga ilifika Kitangari bado ina baridi.

Kaniachia Etieni wa chumba namba saba,
fundi wa mabomba ya gesi, mkataba wake ulipokwisha.
Shamba ni la shangazi yake, alisema,
hekta kumi na moja, kilima chenye mawe meupe,
nyumba yenye ngazi kumi na nne za kushukia ghalani,
na shangazi mwenyewe, miaka sabini na sita,
hamruhusu mtu kuchuma zabibu jua likishapanda.
Jina la shamba hili hapa kwenye karatasi.
Siwezi kulisoma. Herufi zake zimevaa kofia.

Mama akaigeuza chupa, akaitazama nyumba iliyochorwa.
Habari za ngazi hakuzitaka.
Akauliza: wanapuliza nini?

Salfa, nikasema. Etieni alisema salfa,
kwa ajili ya unga mweupe juu ya majani.

Akacheka mpaka akashika ubavu.
Ubwiri unga! Kumbe na wao!
Kumbe huyo shangazi naye hukohoa wiki nzima,
naye hufunga leso puani,
naye hudaiwa na muuza dawa kabla ua halijatoka.
Haya, mimina.

Bilauri za shingo ndefu hatuna.
Kikombe cha bati, kile kilichobanduka rangi mdomoni.
Akanusa. Akanywa. Akafumba macho
hata nikadhani imemchukiza.

Maji ya bondeni, akasema.
Si haya ya bomba. Yale ya Mkunya,
tulipokuwa tukishuka usiku, wasichana tisa,
ili tufike kabla ndoo ya kwanza haijayavuruga.
Unainama, unakunywa kwa kiganja,
jiwe unalisikia kwenye meno.
Halafu ndimu. Si ya kukamua,
ya kukwaruza ganda kwa ukucha.
Halafu basi. Imeondoka bila kuaga.

Mimi niliyesomea hoteli miaka miwili,
niliyefundishwa kusema "kavu, nyepesi, yafaa kwa samaki,"
sikuwa na la kuongeza.

Tukanywa. Ikapungua.
Na hizo kokwa za zabibu, akauliza, wanaziuza?
Wanazitupa, Mama. Wanataka tunda.

Akanyamaza, akitazama chini ya mikorosho.
Korosho zetu zimeshakwenda ghala la chama, zina stakabadhi,
zina bei inayosomwa redioni.
Mabibo yamebaki pale, mekundu na ya njano,
mengine yamepasuka, nyuki wameyakalia.
Tangu nizaliwe sijasikia mtu akiyauliza bei.

Chupa ilipokwisha akaisuuza mara moja tu
(maji ni maji),
akaijaza uraka alioukamua jana,
akaiziba kwa kipande cha gunzi,
akaipangusa kwa upindo wa kanga
na kuiweka mapajani mwangu kama mtoto wa kupelekwa kliniki.

Mpelekee shangazi.

Mama, Etieni ameshaondoka.
Na uraka haufiki hata Dar, sembuse huko.
Changa ya kwao ni ya mwaka jana.
Changa ya kwetu ni ya leo asubuhi,
kesho imechacha, keshokutwa ni siki.

Najua, akasema.
Ndiyo maana nakwambia inuka.